Kutolewa Inje Mbele ya Leta

Chimène, binti ya Marguerite, alikuwa na majina matatu kwa mwili mumoja. Ku karatasi ya ubatizo walimuandika Chimène. Ku bulletin za masomo walimuandika Simeni. Ku karte ya uchaguzi, ile yenye picha, wakamuandika Shimene, tena wakamupa mwezi wa kuzaliwa ambao si wake. Pale kijijini, upande wa Wamaza, hakuna mutu aliyejali. Mama yake akimuita kutoka jikoni kwa jina lolote kati ya hayo matatu, aliitika mbio, sababu yule aliyekuwa anaita alikuwa na mwiko mukononi.

Mambo yaliharibika siku alipofika ku Kasongo kuingia chuo kikuu. Karani alitandika zile karatasi tatu mbele yake, moja kando ya ingine, kama mwanamuke anayepanga samaki ku soko. Akaziangalia. Akamuangalia Chimène. Akasema:

"Dada, mumekuya wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Hapana. Hapa mezani niko na wasichana watatu. Nani kati yenu anataka kusoma sheria?"

Watu waliokuwa mustarini nyuma yake wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Chimène hakucheka. Karani akamurudishia karatasi zake, akamuambia alete cheti cha kuzaliwa, kile kinachotoka kwa Leta, ile serikali yenyewe, kusudi ijulikane kati ya wale watatu yupi njo wa kweli.

Cheti hicho hakikukuwako. Hakikupotea, hakikuungua: hakikuandikwa hata siku moja. Kwa Leta, Chimène hakuzaliwa. Alipanda pikipiki kurudi Wamaza, nusu ya njia amekaa, nusu anasukuma mu matope. Akatumwa Kabambare. Kabambare wakasema mutu wa miaka yake hapewi cheti hivi hivi, mpaka mahakama ikate. Akarudi Kasongo. Mahakama ikaomba mashahidi. Akarudi Wamaza kutafuta mashahidi. Mwaka muzima ulipita hivyo, wenzake wakiandika masomo, yeye akipalilia mupunga wa mama yake na kuhesabu juma. Siku alipopata ile karatasi, aliikunja mu nailoni, akaitia kifuani, akasema mbele ya mama yake na mbele ya nkambo yake Amisa: "Mutoto mwingine wa hapa hatapita njia hii. Mimi njo wa mwisho."

"Maneno makubwa," Amisa alisema, akiendelea kuchambua mboga ya sombe.

Huyu Amisa alikuwa mama ya Marguerite. Ni yeye aliyezalisha wanawake wa kijiji kile tangu kabla hakujakuwa kituo cha afya, na hata kilipokuya, wengi waliendelea kumuita yeye kwanza. Yeye alisali musikitini. Binti yake Marguerite alifuata bwana yake ku misa. Wakakula ku sahani moja na hakuna aliyesongwa. Amisa alikuwa mutu wa kichwa kigumu, wa kile kichwa ambacho mvua inapiga na kuteleza. Miaka yote alimuita mujukuu wake Simeni.

"Nkambo, mimi ni Chimène."

"Njo ninavyosema. Simeni."

"Chi-mè-ne."

"Si-me-ni. Wewe masikio yako yamejaa kifaransa."

Na kile kichwa kigumu hakikuishia kwake. Kilimuruka Marguerite, aliye mupole, kikaenda kukaa kwa Chimène chote kizima.

Mwaka wake wa pili ku chuo, mwalimu mumoja aliwaambia wanafunzi: anayetaka, atoe mangaribi moja kila juma kusaidia watu wasio na namna ya kupata wakili. Wengi waliinamisha vichwa. Wachache walisimama, na Chimène alisimama kabla mwalimu hajamaliza kusema. Mwingine aliyesimama alikuwa Moustapha, mutoto wa familia ya wachuuzi wa mujini Kasongo, kijana mwenye mudomo usiofungwa hata akilala. Walipewa chumba kidogo nyuma ya soko. Wakapaka ubao chokaa, wakaandika kwa herufi nene: KLINIKI YA SHERIA. BURE.

Mutu wa kwanza kuingia alikuwa mama mumoja mwenye mutoto wa homa mugongoni. Wa pili, muzee mwenye jino linalouma. Wa tatu naye alikuwa anakohoa.

"Mama," Moustapha alimuambia yule wa kwanza, "sisi hapa tunatibu mashamba na ndoa."

"Basi unitibie bwana yangu," mama akajibu. "Naye iko mugonjwa. Ugonjwa wake ni kushika shamba langu na kumupa bibi yake mudogo."

Moustapha alimubeba yule mutoto mwenyewe mpaka kituo cha afya, na Chimène akabaki kuandika mashitaka ya shamba. Mambo mawili yakafanyika kwa siku moja. Lakini mangaribi walipofunga mulango, walikaa chini na kucheka: neno moja juu ya ubao, na wagonjwa wa soko lote wamekuya kwa wanafunzi wa sheria! Walifikiri wamekwisha jifunza somo la maneno. Hawakujua kama lile lilikuwa somo dogo, na kubwa lingali njiani.

Chimène hakusahau kiapo chake. Alienda kumuona juge wa watoto, yule anayeweza kukata hukumu ya mutoto asiyeandikwa akizaliwa. Alienda mara sita. Mara ya kwanza juge hakukuwako. Mara ya pili alikuwako lakini hakuwa na nafasi. Mara ya tatu muzamu wa mulango akamuuliza, "Dada, juge ni mujomba wako?" Mara ya ine akamuambia, "Nikuletee kitanda?" Mara ya tano alimupa kiti, bila neno. Mara ya sita juge mwenyewe alitoka, mutu mufupi wa miwani, akasema:

"Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka mahakama iende kwa watoto, bwana juge. Watoto hawawezi kuya kwa mahakama. Mimi nilikuya, nilipoteza mwaka."

"Wamaza si karibu."

"Naijua njia, bwana juge. Niliisukuma."

Juge alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nitakuya siku moja. Juma mosi moja tu. Nikikuta chini ya watoto hamsini pamoja na wazazi wao, sifungui hata buku, nageuza pikipiki. Na sitarudi mara ya pili kabla ya mvua kwisha, pengine sitarudi kabisa."

"Utakuta zaidi ya hamsini."

"Unaapa?"

"Ndiyo, bwana juge, naapa."

Siku ya tano kabla ya ile Juma mosi ya juge, yeye na Moustapha walishika njia. Juma tano saa sita walikuwa kijijini, wekundu wa vumbi mpaka kope. Hawakupumzika hata kidogo. Chimène alichukua megafone waliyoazima, ile ya kusemea mbele ya watu wengi, akazunguka nyumba kwa nyumba, sauti yake ikigonga vilima na kurudi:

"Wazazi wote! Juma mosi Leta inakuya hapa kuandikisha watoto! Wavulana, wasichana, kutoka wa titi mpaka wa miaka kumi na saba! Kila muzazi alete watoto wake waandikishwe! Asiachwe hata mumoja!"

Alisema hivyo mara ishirini. Moustapha alipiga mikono. Watu walisimama ku milango, wakasikiliza, hawakuuliza kitu. Chimène aliona ule ukimya kama heshima. Alilala akiwa na furaha.

Asubuhi ya Alamisi, aliamka hakusikia kelele ya mutoto. Alitoka inje. Kiwanja ambapo watoto wanapiga mupira wa majani kilikuwa kitupu. Alienda masomoni: mwalimu alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi watano, na hao watano walikuwa watoto wake mwenyewe.

"Wako wapi?" Chimène aliuliza.

"Unaniuliza mimi?" mwalimu akasema, akageukia ubao.

Akarudi mbio nyumbani. Mbele ya nyumba ya mama yake alikuta shefu Zéphirin amekaa ku kiti, kofia ku magoti, na wanaume sita wamesimama nyuma yake. Marguerite alikuwa amesimama kando, mikono mu kitenge, hajui aangalie wapi. Moustapha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikuwa kimya.

"Binti ya Marguerite," shefu akasema, "tulikutuma kusoma, sivyo? Tulikushindikiza mpaka mutoni tukiimba."

"Ndiyo, shefu."

"Sasa umerudi kutuuzisha?"

"Kuuzisha nini?"

"Watoto!" mumoja kati ya wale wanaume akapasua. "Wewe na huyu mutoto wa muji mwenye viatu virefu. Mwaka ule walikuya na karatasi pia. Leo mumekuya na chombo cha kulia kama ndege ya vita."

"Sisi hatu—"

"Watoto wamekwisha enda ku mashamba," shefu akasema, akisimama. "Wako mu vibanda vya mupunga, mbali. Hamutawaona. Mwambie huyo aliyekutuma arudi na kamba zake." Akavaa kofia, akaondoka, na wanaume sita nyuma yake.

Moustapha alisema polepole, "Tupande kilimani, kule simu inashika. Tumuambie juge asikuye. Ni haya kidogo kuliko akuye akute kiwanja kitupu."

"Hapana."

"Chimène, hamsini! Tuko na watano, na hao watano ni wa mwalimu!"

"Nimesema hapana. Akikatazwa leo, hatarudi. Na mimi nimeapa."

Aliingia jikoni. Nkambo Amisa alikuwa amekaa ku kigoda chake, goti lake baya limenyooshwa mbele, anasonga moto. Hakugeuka.

"Nkambo, nimefanya nini?"

"Umesema kuandikisha."

"Ni neno gani mbaya? Kuandikisha ni kutia jina mu buku."

"Kwenu Kasongo." Amisa alipuliza moto. "Kwetu tukitia mutoto masomoni, tunasema kutia masomoni. Akibatizwa, tunasema kubatiza. Neno kuandikisha, hapa lilikuya mara moja tu, na wale wenye bunduki kutoka porini. Walisimama ku kile kiwanja unachokijua. Walisema: leteni watoto waandikishwe. Walikuwa na buku pia. Walikuwa na kalamu."

Chimène alikaa chini polepole.

"Mujomba wako Heri alikuwa na miaka kumi na ine," Amisa akasema. "Aliandikishwa. Wewe ungali tumboni. Tangu ile siku hakuna mutu anayesema lile neno mu nyumba hii, njo maana hukulijua. Na mimi pia sikukufundisha. Basi makosa ni ya watu wawili."

Chimène alijua kama mujomba Heri "alienda". Miaka yote walisema hivyo: Heri alienda. Alifikiri alienda machimboni, au Kindu, au kwa mwanamuke. Aliinua megafone iliyokuwa ukutani, akaiangalia kama mutu anayekuta nyoka mu kikapu chake, akaitia chini ya kitanda.

"Sasa nitawaambia neno gani, nkambo? Iko neno gani?"

Amisa aligeuza mti mu moto. Kisha akauliza, "Mutoto akizaliwa, tunamuweka wapi?"

"Mu nyumba. Mpaka kitovu kianguke."

"Kisha?"

"Kisha tunamutoa inje. Unamushika mikononi, unamuonyesha jua, unaita jina lake kwa sauti, na watu wanaitika: Tumemuona."

"Na mutoto asiyetolewa inje?"

"Hajakuwa mutu bado. Hata akilia, tunasema ni kelele ya nyumba."

"Basi." Amisa alichukua fimbo yake. "Hii Leta yenu, ilikwisha ona mutoto wetu mumoja akitolewa inje? Ilikuwako? Iliitika? Kwa Leta, watoto wote wa hapa wangali mu nyumba. Hata wewe ulikaa mu nyumba miaka makumi mbili ukipiga kelele, na yule karani wako hakusikia kitu." Akasimama, goti likalia. "Nisaidie. Tunaenda ku mashamba."

"Nkambo, hujafika ku mashamba miaka mitatu."

"Sikukuwa na kazi kule."

Wakaenda. Njia ya mupunga si njia ya mutu mwenye goti baya. Moustapha alimubeba mugongoni kwa kuvuka maji, na Amisa alimupiga kidogo ku bega kila alipoteleza: "Wewe wa muji, miguu yako ni ya nini? Ya kuonyesha viatu?"

"Nkambo, leo viatu vimekwisha kufa. Wafu tusiwaseme vibaya."

Amisa akacheka, na tangu pale Moustapha akawa wake.

Kibanda kwa kibanda, Amisa alikaa mulangoni na kuomba maji ya kunywa. Akisha kunywa, alisema maneno yale yale: "Nimekuya kuwaita. Juma mosi tunatoa watoto inje mbele ya Leta. Mimi mwenyewe nitaita majina. Tutaitika kama kawaida." Wanawake waliangaliana. Mumoja akasema, "Mama Amisa, na wewe ulipoteza Heri." Akajibu, "Njo maana. Heri alichukuliwa na watu waliomuandika, na mpaka leo nikienda kuuliza, Leta inaniambia: huyo hatumujui, hakuna karatasi. Mutu anaiba mutoto wangu, na Leta inasema sikuzaa. Mutoto mwenye karatasi, ukimuiba, umeiba mutu anayejulikana."

Chimène alikaa kando yake na daftari ku magoti, akiandika. Amisa hakujua tarehe, lakini hakusahau kuzaliwa hata kumoja.

"Huyu alizaliwa ile mvua iliyobeba daraja."

"Mwezi wa ine," Chimène akasema, akiandika. "Na huyu?"

"Juma lile shefu Zéphirin alioa bibi wa pili na wa kwanza akamwaga sufuria ya harusi."

Chimène aliandika. Moustapha akauliza, "Na hiyo sufuria ilikuwa ya nini?" Wanawake wote wakajibu kwa sauti moja, "Ya mbuzi!" na kicheko kikatoka mu kibanda, cha kwanza tangu Juma tano.

Ijumaa pia walitembea. Walilala wamechoka kama punda, wasijue nani atakuya na nani hatakuya.

Juma mosi, jua lilipofika juu ya paa la masomo, walianza kutokea. Mama wa kwanza na watoto wawili. Kisha watatu pamoja. Kisha mustari muzima kutoka njia ya mupunga, watoto wameoga, mafuta ku uso, nguo za siku kuu. Shefu Zéphirin mwenyewe alikuya na watoto wa bibi wote wawili. Akasimama mbali, kama mutu anayepita tu. Chimène alihesabu mpaka makumi sita, akaacha, sababu machozi yalikuwa yanamuharibia hesabu.

Kisha pikipiki zikasikika. Ya kwanza ilileta juge na mufuko wake. Ya pili ilileta Ayoubu, karani wa Leta wa Wamaza, na buku kubwa limefungwa mu kitambaa. Ya tatu ilileta polisi, na polisi alikuwa na bunduki.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mumoja alimuvuta mutoto wake nyuma. Mwingine akafanya vile vile. Ule mustari uliokuwa unakuya ukaanza kurudi, polepole, kama maji yanavyorudi mu muchanga.

Chimène alikimbia mpaka mbele ya pikipiki, juge akiwa anashuka na kuweka mufuko wake chini.

"Bwana juge, nakuomba, yule mwenye bunduki avuke mutoni."

"Nini?"

"Hapa mutoto akitolewa inje, hakuna chuma mukononi mwa mwanaume. Ni desturi."

"Mwanafunzi," juge akasema, na sauti yake ilikuwa ya mahakama kabisa, "mimi natembea na polisi sababu sheria inataka. Hii ni mahakama. Si harusi."

"Naijua sheria, bwana juge. Nilikuambia nitaleta zaidi ya hamsini. Wako hapa, uwahesabu. Lakini ukiacha bunduki pale, mu dakika tano utakuwa unahukumu kiwanja kitupu."

Juge aliinua kichwa kumujibu kwa ukali. Ndipo Amisa alifika, fimbo mbele, Moustapha nyuma yake kama atamudaka.

"Wewe njo juge?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Amisa. Nilizaa sita. Watano wako. Mumoja aliandikishwa pale ulipoweka mufuko wako, miaka yake kumi na ine. Aliyemuandikisha alisimama hivi, na bunduki yake ilikuwa upande ule ule wa mwenzako."

Juge aliangalia mufuko wake. Akauokota pale chini, akaupangusa, akaushika mukononi. Kisha akamugeukia polisi: "Ndugu, vuka mutoni. Ukae kivulini. Nitakuita."

"Bwana juge, amri inasema—"

"Amri ni yangu. Vuka."

Polisi akavuka. Marguerite alimufuata na sahani ya muhogo wa kuchoma na karanga, kusudi asione kama amefukuzwa. Na ule mustari ukaanza kurudi tena mbele.

Wakaanza. Juge alikaa nyuma ya meza ya mwalimu. Kila mutoto aliletwa, na juge akauliza nani aliona akizaliwa. "Mimi," Amisa akasema. Wa pili: nani aliona? "Mimi." Wa kumi: "Mimi." Wa ishirini, juge akasema, "Mama, wewe hukulala maisha yako yote?" Akajibu, "Watoto walinipa nafasi?" Na kila mara, akimaliza kutoa ushahidi, aliinua uso na kuita lile jina kwa sauti ya zamani, na kijiji chote kikaitika:

"Tumemuona!"

Mara ya kwanza juge aliinua mukono kukataza ile kelele. Mara ya tatu aliacha mukono chini. Kufika wa makumi tatu, Ayoubu karani hakuandika tena mpaka asikie watu wameitika. Kalamu ilikaa hewani, ikingojea. Na alipoitwa yule mutoto aliyezaliwa juma la ile sufuria ya mbuzi, juge mwenyewe alifungua mudomo kidogo. Wale waliokuwa karibu wanaapa kama walimusikia akiitika.

Watoto mia moja na arobaini na watatu waliandikwa ile siku. Kufika saa kumi na moja, kidole gumba cha Amisa kilikuwa cheusi cha wino mpaka ku kiungo, sababu hakujua kutia sahihi na alitia kidole mia moja na zaidi. Marguerite alimuletea maji na sabuni. Akakataa. Alikula kwa kijiko, kidole kimesimama peke yake, kusudi kila mutu akione.

Shefu Zéphirin alikuya mbele ya Chimène, kofia mukononi. Hakuomba samahani, shefu haombi. Alisema tu, "Siku utakayorudi Kasongo, tutakushindikiza mpaka mutoni. Tutaimba ule ule wimbo." Chimène akapiga goti kidogo, akasema, "Aksanti, baba." Moyo wake ulikuwa mukubwa hata kanzu ilimubana.

Juge alikuwa anafunga mufuko. "Karani, tia jina la mwanafunzi aliyefanya orodha hii. Nataka lionekane mu karatasi ya mahakama."

"Anaitwa nani?" Ayoubu akauliza.

"Simeni," Amisa akajibu mbio.

Ayoubu akaandika S. Chimène akaurukia ule mukono kama mutu anayeona mutoto anatambaa kuelekea moto. "Hapana! C! Anza na C! Nilipoteza mwaka juu ya hiyo S!"

Watu wakageuka. Chimène akamuangalia nkambo yake, na kitu kikamuingia akilini ambacho hakikukuwa kimemuingia miaka yote.

"Nkambo. Siku nilitiwa masomoni, nani alinipeleka?"

Amisa aliangalia kidole chake.

"Mama yako alikuwa anaumwa," akasema.

"Nani alimuambia mwalimu jina langu?"

"Mwalimu aliuliza, nikamujibu. Nilisema vizuri kabisa. Nilisema Simeni."

Moustapha alikaa chini ku muchanga kwa kucheka. Marguerite alifunika uso na kitenge, mabega yakitetemeka. Hata juge alivua miwani. Chimène alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya mwaka muzima ya kukasirika. Lakini aliangalia kile kidole cheusi, akashindwa.

"Andika vile anataka," Amisa akamuambia Ayoubu, akijinyoosha ku fimbo yake. "C, sijui kofia gani juu, muandike yote. Hiyo ni yenu na Leta. Lakini mimi nikimuita, ataitika."

Na kusudi wote wasikie, akainua uso, akaita kwa ile sauti ya kutolea watoto inje:

"Simeni!"

Kijiji kikaitika, "Tumemuona!"

"Abee, nkambo," Chimène akasema.